Ngazi Mbili za Mwizi

Una ngazi 20, basi. Katika Dungeons & Dragons Online, mchezo uliozinduliwa mwaka 2006 na ambao hadi leo una watu wake, unaweza kuzitia zote kwenye fani moja ukawa kasisi kamili, mpiganaji kamili au mwizi kamili. Ama uzigawe kwa fani mbili, hata tatu. Juu ya hizo 20 kuna ngazi nyingine, lakini hazikupi fani mpya. Wewe ni nani huamuliwa kwenye zile 20 za kwanza, na kila ngazi unayompa mmoja umemnyima mwingine. Hakuna mkopo.

Mhusika ninayemjenga mimi ni yule ambaye watu wa mpira wangemwita kiraka: tabibu anayetegua mitego. Kasisi ngazi 18, mwizi ngazi 2. Ninamjenga usiku, hapa Kabati, mji mdogo ulio kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, saa ambazo bando ni rahisi na mtandao umetulia. Na karibu kila kikosi ninachoingia kuna msee wa mbali, Marekani ama Ujerumani huko, atakayeangalia ngazi zangu na kuniuliza swali lile lile: kwa nini usiwe kitu kimoja ukakifanya vizuri?

Ni swali la mchezo, lakini lina meno. Binamu yangu amemaliza Form Four na anajaza fomu za chuo, na boma letu limegawanyika juu ya swali hilo hilo kwa maneno mengine. Wazee wanataka asomee udaktari wa kliniki, avae koti jeupe, atibu watu. Yeye anataka kusomea afya ya umma. "Yaani unataka kuwa bwana afya?" mjomba alimuuliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mtoto anataka kuwa askari wa kanjo. Bwana afya, kwa wengi wetu, ni yule anayekuja kufunga kibanda cha mandazi kwa sababu choo kiko karibu. Hatibu mtu. Anatafuta mitego.

Kwa hivyo swali langu lina sehemu mbili. Kati ya anayeponya na anayetegua mtego kabla haujamuumiza mtu, nani anatudai heshima zaidi? Na je, ni haki mtu mmoja kujaribu kuwa wote wawili, ikiwa akikosea hesabu ni wengine watakaokufa?

*

Tuanze na hesabu, maana maadili ya mchezo huu yamejificha ndani ya hesabu zake.

Kasisi huponya kwa Hekima. Hekima ikipanda, nguvu za maombi zinaongezeka, na nguvu hizo zikiisha katikati ya vita, kikosi kizima kimebaki na bahati tu. Mitego nayo huteguliwa kwa Akili. Mchezo umezitenganisha hizo mbili kabisa, jambo ambalo hata Kiswahili hulifanya: mtu anaweza kuwa na akili nyingi na asiwe na chembe ya hekima, na tunawajua wengi, baadhi yao tumewapigia kura. Unapoanza unapewa pointi 28 za kugawa kwenye sifa zako. Kila pointi uliyoweka kwenye Akili umeitoa kwenye Hekima, au kwenye uhai wako mwenyewe.

Halafu kuna sheria ya kuzaliwa. Ngazi ya kwanza kabisa huzidisha pointi za ujuzi mara nne, na mwizi hupata 8 pale kasisi anapopata 2. Kwa hivyo anayetaka fani hizi mbili inabidi azaliwe mwizi, kisha aokoke. Akianza kasisi halafu ajifunze wizi ukubwani, amepoteza pointi ambazo hazirudi.

Ngazi ya pili ya mwizi inakupa uwezo wa kukwepa. Mlipuko wa moto ukitokea na ukawahi kuruka, hupati hata lengelenge. Lakini uwezo huo haufanyi kazi ndani ya deraya nzito, na deraya nzito ndiyo nyumba ya makasisi wengi. Lazima uchague: ujifunike chuma, ama uwe mwepesi.

Ukisimama kwenye kasisi 18, haujapoteza kila kitu. Maombi ya daraja la 9, yale makubwa kuliko yote, hufunguka kasisi akifika ngazi ya 17. Unachokosa ni zawadi ya ngazi ya 20, na nguvu kidogo hapa na pale. Hiyo "kidogo" ndiyo msee wa mbali anayoniuliza. Na hoja yake ina uzito, tusimdharau.

Anasema hivi: kikosi kina watu sita. Kila mmoja ameweka uhai wake mikononi mwa watano. Ukija ukisema wewe ni tabibu, wameacha kubeba dawa za kutosha kwa sababu wewe upo. Siku joka litakapokuwa limebakisha pumzi moja na wewe umeishiwa nguvu kidogo tu, ile kidogo uliyoitoa ukanunua kamba na koleo za kufungulia mitego, hautakufa peke yako. Wapenda fani mbili hujisifu kwa upana wao, lakini bili ya upana huo hulipwa na mgonjwa. Mababu walishasema: mshika mbili moja humponyoka. Walichosahau kutaja ni kwamba ile inayoponyoka mara nyingine ni mtu.

Sijui hoja nzito kuliko hiyo dhidi ya mhusika wangu. Na ukiileta duniani ni hoja ya kila siku. Daktari wa moyo anayefanya biashara ya mashamba kwenye simu katikati ya kliniki. Mwalimu wa hesabu anayefundisha pia historia na michezo kwa sababu shule haina wengine. Tunawaita wachapakazi. Mtoto aliyefeli hesabu anaweza kuwa na jina lingine.

*

Sasa niongee upande wa mitego.

Mchezo huu una kitu kinaitwa mtumishi wa kukodi. Ukikosa watu wa kucheza nao, unalipa sarafu kidogo unapata kasisi anayeendeshwa na kompyuta. Anaponya vizuri kabisa. Shida yake ni kwamba haoni mitego. Unaweza kupita kwenye ukumbi wenye visu vinavyozunguka, umefika upande wa pili salama, halafu ukigeuka unamkuta amesimama katikati ya visu. Anakatwa, anajiponya. Anakatwa tena, anajiponya tena. Ataendelea hivyo hadi nguvu zimwishe, kisha atakufa, akiwa amefanya kazi yake ya uponyaji bila kosa hata moja.

Wachezaji hucheka sana hilo. Mimi pia nilicheka, hadi nikaanza kuona kwamba hakuna maelezo bora ya tiba isiyouliza chanzo.

Hapa kwetu tuna mwaka wetu wa visu. Mwaka 2004, watu wa Makueni, Kitui, Machakos na Thika walianza kufika hospitalini wakiwa na macho ya manjano na matumbo yaliyojaa. Ini lilikuwa linakufa. Walioandikwa kuwa wagonjwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Haikuwa homa, na haikuwa kitu cha kuambukizana. Ilikuwa ugali. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, kuvu likaota, na kuvu hilo likatoa sumu ambayo wataalamu wanaiita aflatoksini na wengi tunaiita sumukuvu. Sampuli za mahindi zilipochukuliwa sokoni, zaidi ya nusu zilipita kiwango kilichoruhusiwa. Na haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1981, huku huku Ukambani, sumu hiyo hiyo ilikuwa imeua watu 12.

Sumukuvu haina dawa ya kuiondoa mwilini. Mgonjwa aliyeharibika ini unaweza kumpa maji, kumpunguzia maumivu, kumshika mkono na kuomba. Basi. Weka hospitali kubwa kuliko zote hapa Kabati, uijaze makasisi wa ngazi ya 20, na bado jioni mgonjwa aliyepata nafuu atarudi nyumbani kula ugali ule ule. Kilichosimamisha vifo ni watu kuondoa mahindi mabaya na kuleta mengine. Yaani kutegua.

Lakini mtego wa mahindi haufanani na mtego wa kwenye sinema. Hauna waya, hauna adui aliyejificha nyuma ya mti. Uliwekwa na mvua iliyokuja wakati mbaya, na njaa iliyofanya watu waogope wezi wa shambani hadi wakaingiza mahindi nyumbani kabla hayajakauka, na bei. Kila aliyehusika alikuwa anajaribu kulisha watoto wake. Ndiyo maana nakataa kusema tabibu ndiye mwenye huruma na mtegua mitego ni fundi tu. Kumhurumia aliyeanguka mbele yako ni jambo ambalo mwili wako unalifanya wenyewe. Kumhurumia mtu ambaye bado hajaanguka, hujui jina lake, na huenda akakukasirikia kwa kumwambia amwage gunia lake, hiyo ni huruma iliyopitia kwenye akili.

Shangazi yangu anauza nafaka sokoni. Kwenye kibanda chake kuna chupa ya soda iliyo kavu na kopo la chumvi. Mtu akileta mahindi, anatia konzi moja ndani ya chupa pamoja na chumvi kavu, anatikisa, anaacha yatulie kama dakika kumi na tano, halafu anaangalia. Chumvi ikigandamana kwenye ukuta wa chupa, mahindi yana maji. Anayarudisha. Nimemwona akirudisha ya jirani, ya mtu wa kanisa lake, ya mama mmoja aliyetembea na punda tangu alfajiri.

"Shangazi, si ungemchukulia tu, uyaanike mwenyewe?"

"Na nikisahau? Mimi nauza mahindi, sitengenezi yatima."

Hiyo chupa ndiyo ujuzi wa kutafuta mitego, ukiutoa kwenye mchezo. Haigharimu kitu. Na huyo mama wa punda hakusema asante. Aliondoka akinung'unika, na mimi ningekuwa yeye ningenung'unika pia.

Hapa ndipo ngoma iko. Anayeponywa anamjua aliyemponya. Anamletea kuku, anamtajia jina kanisani, anampa mtoto jina lake. Aliyeepushwa na mtego hajui kama aliepushwa. Hayupo mtu hata mmoja Kitui anayeweza kusimama aseme, "Mimi ndiye yule ambaye ningekufa mwaka jana kama si chupa ya soda." Wapo, lakini hawajijui, na hata shangazi hawajui. Hata mchezo wenyewe umelemea upande mmoja: kando ya jina la kila mchezaji unahesabiwa umeua wangapi. Angalau ukitegua mitego unapata nyongeza ya pointi za uzoefu. Kabati hakuna nyongeza.

Kama heshima ingefuata shukrani, mtegua mitego angekuwa na sifuri. Lakini shukrani inapima kile kilichoonekana, haipimi kile kilichofanyika. Deni halifutiki kwa sababu mdaiwa hajui kwamba anadaiwa. Kwa swali la kwanza, basi, jibu langu ni kwamba binamu yangu hajachagua kazi ndogo. Amechagua kazi isiyo na mashahidi.

*

Kuna jambo lingine linalowasumbua watu kuhusu mtu wa mitego, na nadhani ndilo lililomsumbua mjomba hata kama hakulisema.

Dungeons & Dragons ilipotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ilikuwa na fani tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Tabibu alikuwepo tangu siku ya kwanza. Mtaalamu wa mitego aliongezwa mwaka uliofuata, na alipokuja aliitwa mwizi. Baadaye, toleo la tatu lilipotoka mwaka 2000, jina likalainishwa akawa kitu kama mjanja au tapeli, lakini vifaa vyake ni vile vile na bado vinaitwa vya wizi. Mantiki yake ni wazi. Nani anajua jinsi kufuli linavyofunguka bila ufunguo? Si malaika.

Ukambani tunalijua wazo hili bila kufundishwa na Wamarekani. Mundu mue ni mganga, anatibu, anaondoa ubaya uliowekwa na mtu. Muoi ni mchawi, ndiye anayeweka. Ni watu wawili tofauti na mila inawatenga kabisa. Lakini muulize mtu yeyote usiku, taa zikiwa zimezimwa, atakuambia kwa sauti ya chini: anayejua kuondoa, huyo anajua na kuweka. Kwa hivyo tunamwendea mganga tukiwa tumeshika mfuko wa pesa kwa mkono mmoja na hofu kwa mwingine.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Kutega, kutegua. Kufunga, kufungua. Kukunja, kukunjua. Kuziba, kuzibua. Kiswahili hakikuunda neno jipya kwa ajili ya anayeokoa. Kilichukua neno la aliyenasa kikaligeuza mkiani. Mzizi ni mmoja. Anayetegua anapita njia ile ile aliyopita aliyetega, isipokuwa anarudi. Hata kitendawili ni hivyo: mmoja anatega, mwingine anategua, na hauwezi kutegua kama hauwezi kuwaza kama aliyetega.

Shangazi anajua kila ujanja wa kuficha mahindi mabaya. Anajua wanaochanganya gunia, mazuri juu, yaliyooza katikati. Anajua wanaoyapangusa kuvu na kuyaanika siku moja yang'ae, na anajua kwamba kuvu likipanguswa sumu inabaki. Ujuzi huo angeweza kuutumia kesho asubuhi akapata faida mara mbili. Je, hiyo inamfanya awe nusu mwizi?

Nasema hapana, na sababu yangu ni hii. Usafi wa mtu asiyejua ubaya si wema, ni bahati. Yule kasisi wa kukodi aliyesimama kwenye visu ni msafi kabisa. Hana hata pointi moja ya wizi. Usafi wake haukumsaidia, na ungeua yeyote anayemtegemea. Tunapomtaka tabibu asiyejua jinsi watu wanavyoumizana, jinsi dawa bandia zinavyopakiwa, jinsi mume anavyoeleza kwamba mkewe "alianguka tu bafuni", tunataka tabibu wa kutufurahisha macho. Mtu mwema anayejua jinsi mtego unavyotegwa ana kitu kimoja zaidi ya mwema asiyejua: kila siku ana nafasi ya kuutega, na hautegi. Wema wake unaamuliwa upya kila asubuhi.

Hofu ya mjomba si ya kijinga, lakini inamwangalia mtu vibaya. Badala ya kuuliza anajua nini, uliza mkono wake unarudi upande gani.

*

Bado nina deni la swali la pili: mtu mmoja, fani mbili.

Ukitaka kuona kazi hizi mbili zikifanywa pamoja kwa kweli, nenda Morogoro. Kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kuna shirika la APOPO, lililoanzia Ubelgiji mwaka 1997, ambalo hufundisha panya buku kunusa. Wengine hunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Wengine hunusa makohozi na kumtambua mgonjwa wa kifua kikuu ambaye zahanati ilishamwambia hana. Panya ni mwepesi, hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Anakwaruza ardhi, binadamu anakuja kulitegua. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania akafanya kazi Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza mwaka 2020, na alipokufa Januari 2022 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100.

Mitego na tiba, nyumba moja, mnyama mmoja. Niliposoma habari hizo kwa mara ya kwanza nilitaka kumtumia yule msee wa Ujerumani, nimwambie, ona, kiraka huyo hapo.

Ila ukisoma vizuri, habari hizo zinampa yeye ushindi. Panya wa mabomu hapewi makohozi. Panya wa makohozi hapelekwi kwenye uwanja wa mabomu. Kila mmoja ana harufu yake, na anaifanyia kazi maisha yake yote. Mwenye fani mbili ni nyumba. Panya ana moja. Kikosi kizuri hufanya vivyo hivyo: mtu wa mitego mbele, tabibu nyuma, na wote wamekamilika.

Basi kwa nini bado namjenga mhusika wangu? Kwa sababu Kabati si Morogoro. Uliza mchezaji yeyote wa fani mseto kwa nini alianza, ukimbana atakuambia ukweli: alikuwa anacheza peke yake. Hakukuwa na mtu wa mitego kwenye kikosi, kwa sababu hakukuwa na kikosi. Zahanati yenye muuguzi mmoja ni hivyo. Asubuhi anazalisha mama, mchana anachoma sindano, jioni anazunguka kuangalia kama watu wanachemsha maji. Hakuchagua kuwa kiraka. Alitazama kushoto na kulia akajikuta yuko peke yake.

Hii inabadilisha swali lote. Mimi nilikuwa nauliza kama ni vizuri kuwa wawili. Swali lenyewe ni: nani hayupo? Ukikuta mtu anafanya kazi ya wawili, kabla hujampigia makofi, hesabu viti vilivyo wazi. Mwaka 2023 serikali ilitoa mikoba ya vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja. Hao ndio tabibu watega-sikio wetu: wanapima presha, wanabeba dawa, na wakiwa mlangoni wanaangalia choo, maji, chandarua na ghala la mahindi. Posho iliyoahidiwa ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Tunawaita mashujaa. Neno "shujaa" ni zuri sana, na ni la bei rahisi. Likitumiwa ovyo huwa risiti ya kazi ambayo hakuna anayetaka kuilipia. Nikimsifu muuguzi yule kwa kuwa kila kitu, nimemsaidia pia aliyepaswa kuajiri mwenzake kulala usingizi.

Kwa hivyo jibu langu kwa msee wa mbali lina vipande viwili, na sitaki kimoja kimeze kingine. Kipande cha kwanza: una haki, kikosi kilichokamilika ni bora, na tukiwa na nguvu ya kukidai, tukidai. Kipande cha pili: kikosi kisipokuwepo, kusema "mimi ni tabibu tu, mitego hainihusu" ni kusimama kwenye visu ukijiponya. Mtu akiwa peke yake mlangoni, kutojua si unyenyekevu tena.

Na kiasi? Si nusu kwa nusu. Kasisi 10, mwizi 10 hafai popote. Hiyo ndiyo mbili inayoponyoka. Ngazi mbili zinatosha kufungua macho. Tabibu hahitaji kuwa bingwa wa kufungua kila kufuli. Anahitaji kuona kwamba hapa pana mtego, kuutegua ukiwa mdogo, na ukiwa mkubwa kusimamisha kikosi na kumwita anayejua. Daktari wa kliniki anayemwuliza mgonjwa wa ini, "Mahindi yako unayaweka wapi?" ameshaingia ngazi ya pili. Na bwana afya anayejua dalili za ini linaloshindwa ameingia pia, kutoka upande wake.

Lakini mchezo una sheria moja ambayo wapya huisahau. Ngazi mbili hukufungulia mlango tu. Ukishakuwa kasisi, kila ujuzi wa mitego unaoutaka unakugharimu pointi mbili badala ya moja, na inabidi uzilipe kila unapopanda, kwa sababu mitego ya mbele ni migumu kuliko ya nyuma. Ukiacha kulipa, ngazi zako mbili zinabaki kwenye jina, lakini ukumbi ujao hautaona kitu. Koleo likiteleza vibaya, kisanduku cha mtego hulipuka na hakuna jaribio la pili.

Binamu yangu ameweka afya ya umma kuwa chaguo la kwanza. Mjomba hajakubali, ila ameanza kuuliza mshahara, na kwa mjomba hiyo ni hatua. Shangazi hakusema mengi. Alimpa chupa ya soda, iliyooshwa na kuanikwa vizuri, akamwambia chumvi atajinunulia mwenyewe.